Sura ya Tano: Shati Lisilopimwa

Jua la mji ule halikuwa na adabu hata siku moja. Wenyeji wanaapa kwamba miezi ya joto paka wao huvuka barabara wawili wawili, mmoja kambeba mwenzake mgongoni, na wakifika katikati hupokezana. Anayebisha aende akasimame pale saa sita mchana, viatu vyake mkononi, halafu arudi tuongee.

Katika mji wa namna hiyo, mtu anayejua palipo na ubaridi ni sawa na anayejua palipofukiwa dhahabu. Na kijana mmoja alikuwa anapajua pote. Alikuwa fundi wa viyoyozi. Watu walimwita Baridi tangu siku nyingi, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu, likingoja polisi waliulize. Kwa kuwa mashine za nusu ya mji zilipita mikononi mwake, walinzi wa nusu ya mji walimpungia mkono. Jumapili, wenye pesa walipokwenda kulipia ubaridi mahotelini, yeye alimchukua msichana wake wakaenda kukaa kwenye ubaridi wa watu bila kutoa senti. Walikaa kwenye korido ya jumba la sinema, ambako mtu unasikia ngumi zote ingawa humwoni anayepigwa. Walikaa kwenye chumba cha mashine za pesa za benki, wakijifanya wamesahau namba ya siri. Zaidi ya pote walikaa kwenye duka kubwa la samani, ghorofa ya pili, wakijaribu makochi. Jioni walishuka ufukweni kula karanga na kutazama watu wazima wakipigania mpira wa tairi majini.

Msichana mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa ametoka na Baridi Jumapili za mwaka mzima, na walikuwa wamezungumza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake "nakupenda". Kila mmoja alimngoja mwenzake afungue mlango, na wote wawili walikuwa wamesimama nje, ufunguo mfukoni.

Sasa Jumapili hii, mama yake Sindano alitoka chumbani amevaa viatu vya kutokea.

"Leo tunakwenda wote," alisema, akijitazama kwenye kioo cha kabati.

"Mama, sisi tunakwenda kwa miguu."

"Na mimi huwa natembea kwa nini? Kwa masikio?"

Sindano akaacha kufunga mkanda wa kiatu. Alijua wazo hilo limetoka wapi.

"Mjomba wako atapiga simu jioni," Mama akaendelea. "Anataka jibu la posa ya yule mwenye matofali, na safari hii simzungushi tena. Nimeshamzungusha mpaka mwenyewe nimepata kizunguzungu. Kabla sijasema ndiyo, nataka nione kwa macho yangu huyo wako anakupa nini kila Jumapili."

"Ananipa raha, Mama."

"Raha inaungwa kwa nazi au inachomwa?"

"Mama, jamani."

"Usinijamanie. Mwenye matofali ni mjane mwenye heshima zake, ana kiwanja cha kufyatulia, ana gari, na ndani ya gari mna ubaridi. Ubaridi wake mwenyewe, mwanangu, si wa kuazima. Huyu wako, siku walinzi wakibadilishwa, mtakwenda kukaa wapi?"

Ulimi wa Sindano, ambao mtaa mzima uliuogopa, ukalala. Mwenye matofali alikwishakuja kukaa sebuleni kwao mara kadhaa, akaletewa maji, akasifu maji. Na Sindano hakuwa amemwambia Baridi neno hata moja juu yake. Kila wiki alijiambia atasema wiki ijayo. Aliona akilisema, Jumapili zao zitaingia mchanga.

Hodi ikapigwa. Baridi akaingia, kainamisha kichwa kama kawaida yake kwa sababu mlango ulikuwa mfupi kuliko yeye.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Alikuwa amevaa shati jipya, rangi ya maji ya kina. Sindano alilishona juzi, akamtumia, akamwambia alivae leo. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile lingeweza kufanywa na fundi cherehani tu. Alitaka mama yake amwone kijana nadhifu. Akasahau kwamba mama yake alishona tangu kabla yeye hajazaliwa, akaacha juzi juzi macho yalipochoka na uzi mwembamba, na kwamba mwanamke yule alisoma nguo kama wengine wanavyosoma gazeti, mpaka matangazo ya vifo.

Mama akalitazama lile shati. Akamzunguka kijana taratibu, kama anayetafuta ufunguo ulioanguka. Kisha akasema, "Tangulieni. Mimi nakuja nyuma."

Njia nzima alitembea nyuma yao. Sindano aligeuka mara kwa mara kumtazama, na kila akigeuka alikuta macho ya mama yake hayaangalii barabara wala magari. Yameganda kwenye mgongo wa Baridi.

Mlangoni mwa duka la samani mlinzi akainuka.

"Baridi, karibu. Leo umekuja na wakubwa?"

"Leo nimekuja na mwenye mamlaka."

"Pandeni. Meneja hayupo, na akiwepo huwa analala kwenye vitanda."

Ghorofa ya pili ilikuwa pana na tulivu, makochi yamepangwa kama sebule kumi zilizogombana na kuta zao. Mama akachagua kochi jekundu karibu na dirisha, akakaa, akainuka hapo hapo.

"Hapa kuna tufani."

"Njoo huku, Mama," Baridi akasema. "Kaeni hili la kijivu."

"Ndilo lenu?"

"Kwa sasa. Lile la kwanza liliuzwa, tukahamia la maua. La maua nalo likapata wenyewe, tukaja hapa."

"Mnahama hama kama wapangaji wabaya."

"Wapangaji wabaya hufukuzwa, Mama. Sisi nyumba ndiyo inayotuhama."

Mama akajizuia kucheka, lakini pua ilimsaliti. Akakaa. Akapapasa kitambaa cha kochi, akasema kimeshonwa na mtu mwenye haraka. Sindano akakaa kushoto kwake, Baridi kwenye kiti kilichoelekea. Kwa muda waliongea habari za kawaida: joto, bei ya vitambaa, mashine moja ya mahakamani ambayo Baridi alidai alikuta ndege katagia ndani, na hakimu akaamuru isiwashwe mpaka familia ile ihame kwa hiari. Mama akauliza kama ndege walipewa muda wa kukata rufaa. Sindano akaanza kupumua.

"Shati lako zuri," Mama akasema.

"Ahsante, Mama. Ni mkono wa mwanao."

"Nimeujua mkono. Nauliza alikupimia wapi."

Baridi akamtazama Sindano, kisha Mama. "Hakunipima."

"Hakukupima."

"Hapana. Nililetewa limekwisha."

Mama akaweka mkoba wake sakafuni. Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda.

"Wanangu, nisikilizeni. Bega lako la kushoto limeshuka. Nadhani ni ile mitungi ya gesi unayobeba. Limeshuka kama vidole viwili, si zaidi, mtu wa kawaida haoni. Mshono wa shati hili nao umeshuka vidole viwili, upande huo huo. Na mgongoni pameachwa nafasi pale unapojikunja kuinua mzigo. Ukipima kwa futi, mabega yote hutoka sawa. Futi haina habari hizo. Bega la hivyo linajulikana kwa kiganja, fundi amesimama nyuma ya mtu, na mtu kavua shati."

Akawaangalia kwa zamu.

"Kwa hiyo nawauliza kwa heshima, hapa hapa kwenye kochi la watu. Mlikuwa wapi?"

Uso wa Sindano ukawaka kuliko jua la nje. Baridi akafungua mdomo, lakini Sindano akamwahi.

"Mama, sijamgusa. Hata mkono sijamshika, labda tukivuka barabara."

"Basi nani kakwambia bega lake?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Umeota?"

Sindano akatazama vidole vyake. Kulikuwa na njia nyingi za kulijibu lile swali kwa mzaha, naye alizijua zote. Hakuitumia hata moja.

"Nimemwangalia," akasema.

"Kumwangalia vipi?"

"Kumwangalia tu, Mama. Akitangulia ngazi namwangalia. Akisimama na walinzi kucheka, mimi nabaki nyuma makusudi ili nimwangalie. Ufukweni watu wakijaa namtafuta kwa lile bega. Naliona kabla sijaona kichwa. Nilipokiweka kitambaa mezani nilichukua futi, nikairudisha. Sikuwa na cha kuuliza. Nilifumba macho nikamwona, nikakata."

Mashine darini ilinong'ona peke yake. Baridi alikuwa kainamisha kichwa kama anayeingia mlangoni kwao. Alipokiinua, alimtazama Sindano tazamo ambalo mwaka mzima hakuwahi kumtazama, la mtu aliyekuwa anabisha hodi nyumba siku zote na leo kagundua mlango ulikuwa wazi. Sindano akalipokea, akashindwa kulibeba, akalitua sakafuni.

Mama aliutazama tena ule mshono wa begani. Kisha akauliza, polepole, "Na mwenye matofali?"

"Mwenye matofali ndiye nani?" Baridi akauliza.

Mama hakumgeukia.

"Yule amekaa mbele yako sebuleni," Mama akamwambia bintiye. "Umemletea maji kwa mkono wako, si mara moja. Kesho nikikuwekea kitambaa mezani nikuambie umkatie shati, bega lake likoje?"

Sindano akajaribu. Kweli alijaribu, maana hakutaka kumdanganya mama yake. Aliona sinia. Aliona bilauri, na viatu vyeusi mlangoni. Juu ya viatu hapakuwa na mtu.

"Sijui, Mama."

"Mnene au mwembamba?"

"Ni... wa kiasi."

"Mwanangu, yule mtu haingii mlangoni kwetu bila kugeuka ubavu."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka mlinzi apande. Baridi alisimama, akaenda mpaka dirishani, akasimama karibu na lile kochi jekundu lenye tufani. Sindano akamfuata, akabaki nyuma yake kidogo.

"Kwa hiyo kuna mtu anakuposa," Baridi akasema bila kugeuka.

"Yupo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na kila Jumapili mimi nakuchekesha, na wewe unajua."

"Ningekwambia."

"Lini? Ukishahamia kwenye matofali?"

"Nilikuwa nataka Jumapili moja zaidi," Sindano akasema. "Kila wiki nilikuwa nataka moja zaidi. Ningekwambia ungeanza kuja na uso wa msibani."

"Ningekuja na wazee wangu."

"Hukuwahi kusema kama unao."

"Na wewe hukuwahi kusema haya uliyoyasema leo. Mpaka umebanwa na mshono."

Hapo kila mmoja alikuwa na haki, na watu wawili wenye haki ni vigumu kupatana.

"Wewe kijana," Mama akaita kutoka kwenye kochi. "Usigeuke. Baki hivyo hivyo, uso dirishani. Binti yangu nimempa mtihani, nawe utafanya. Leo kavaa nguo gani?"

Mabega ya Baridi yakakakamaa. Sindano akajitazama: gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, alilolipiga pasi mara mbili kwa ajili yake. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, ingawa hakujua Mungu angefanyaje na jambo dogo kama kifungo.

"Sijui, Mama," Baridi akasema.

"Rangi tu."

"Sijui. Ningesema uongo."

"Haya." Mama akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayefunga duka. "Basi na wewe pia ni mwenye matofali. Tofauti ni gari."

"Mama," Baridi akasema, bado kageukia kioo, "nguo sijui kuziangalia. Kazini naangalia dari. Lakini najua kwamba mwanao ubaridi unamwingia haraka kuliko watu wengine. Unaanza vidoleni. Hasemi, anakohoa kikohozi kifupi, kama mtu anayejificha, halafu anakaza mikono kwapani na kujidai anafikiri. Siku ya kwanza tulipokuja hapa alifanya hivyo nusu saa, na mimi nikamwona."

"Ehe."

"Jumamosi yake nikaja na ngazi. Vile vibao vinavyoelekeza upepo, juu ya kochi lile, nikavigeuza vitazame dirishani. Kochi likiuzwa tukihamia jingine, Jumamosi naja kugeuza vya huko. Ndiyo maana hili jekundu lina tufani, Mama. Upepo wa pale mlipokaa nimeuleta huku."

Mama akainua uso, akatazama dari juu ya kichwa chake. Vibao vya mashine ile viligeukia upande mmoja, mbali na kochi la kijivu. Mashine nyingine zote ukumbini zilitazama chini. Akasogeza mkono wake hewani, kushoto, kulia, kama anayepapasa kitambaa kutafuta kasoro.

Sindano alikuwa hajui. Mwaka mzima alidhani makochi yao yalikuwa na bahati.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekugeuzia upepo?" Baridi akageuka sasa. Akamtazama gauni, tangu juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayelipa deni. "La kijani," akasema.

"Ni la kijani."

"Limekupendeza."

"Najua. Nilijishonea."

Mama akakaa akiwa kaweka mikono magotini. Alipoongea alikuwa kama anaongea na mkoba wake.

"Marehemu baba yako nilimshonea mpaka anakufa. Mtu mwema. Hakunipiga, hakunitukana, na chakula kilikuwepo. Nililetewa na wazee nikampokea, na kila shati nilimpima kwa futi upya, kama mteja. Siku ya kugawa nguo zake ndipo nikaona mashati yote yamefumuliwa kwapani. Yalikuwa yanambana. Alikuwa anayafumua mwenyewe kwa wembe, kimya kimya, asiniudhi. Na mimi fundi, nalala naye chumba kimoja, sijaona."

Akainuka, akachukua mkoba.

"Twendeni ufukweni. Huku kumeshakuwa na baridi mno."

Ufukwe wa Jumapili ulikuwa umejaa mpaka bahari ilionekana kama imebanwa. Wapiga picha walikuwa wanawasimamisha wachumba ndani ya maji ya magoti na kuwaambia watabasamu kama hawajui kuna wimbi linakuja. Bwana mmoja mnene alikuwa amekwama kwenye mpira wa tairi, na watu wake walikuwa wanabishana kama wamvute kwa miguu au kwa kichwa. Mama alinunua karanga mwenyewe, akamkataza Baridi asitoe mkono mfukoni, akatafuta kivuli cha ukuta akakaa. Sindano na Baridi wakakaa mbele yake, kati yao nafasi ya mtu mmoja, ambaye alikuwa ni Mama ingawa mwenyewe alikuwa nyuma yao.

Jua lilipoanza kulainika, simu ikalia mkobani. Sindano akasahau karanga mdomoni.

"Ndiyo, kaka," Mama akasema. "Nzuri. Nipo ufukweni. Ufukweni, ndiyo, na umri wangu huu huu... Jibu ninalo. Mwambie tumeshukuru sana kwa heshima aliyotupa, lakini haitawezekana... Hapana, hajakosa kitu. Ni mtu mzuri, na atapata mke atakayemwona. Mwanangu hamwoni... Si macho, kaka, macho yake mazima... Basi nuna. Ukimaliza kununa njoo Ijumaa, kuna wageni watakuja, nahitaji mwanamume wa kuwapokea... Utawajua ukifika."

Akazima simu, akairudisha mkobani, akaanza kumenya karanga kana kwamba simu ile ilikuwa ya kuuliza bei ya mafuta ya taa. Baridi aliinuka, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya yule mama, akabaki hapo.

"Mjomba wenu kakasirika," Mama akasema. "Atakuwa hivyo mpaka Ijumaa, halafu ataona chakula atapoa. Wewe wazee wako waambie waje mapema, sipendi kupokea wageni jua likiwa kali. Na nyinyi mbona mnaniangalia? Maji yale pale. Watu wamekuja kuoga, nyinyi mmekuja kukaa kama mnangoja daktari."

"Mama, na wewe?" Sindano akauliza.

"Mimi nitakaa hapa. Nendeni. Nalinda viatu."

Wakavua viatu. Walitembea kuelekea majini, kwanza wametengana, kisha nafasi ile ya mtu mmoja ikapungua, kisha haikuwepo. Mama hakuwafuata kwa macho. Alivivuta viatu vya kijana, vikubwa, vyenye vumbi la dari za watu, akavikung'uta, akavipanga sawa na vya mwanawe, akakaa kuvilinda.